Amana na Tuhuma: Haki ya Dereva wa Mizigo
Dereva anayefikisha mizigo hubeba amana, yaani mali ya mwingine iliyo chini ya ulinzi wake, na kwa hiyo mzigo ukipungua hushukiwa yeye kwanza, ingawa kosa laweza kuwa limetokea ghalani wakati wa kupakia. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, humtwika mdai jukumu la kuleta ushahidi. Na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humtaka mwajiri amweleze mtuhumiwa sababu kwa lugha anayoielewa, na kumsikiliza, kabla ya kumwachisha kazi. Uaminifu hudaiwa pande zote mbili, kwani mwajiri anayehukumu kwa dhana huvunja amana kubwa zaidi, ambayo ni heshima ya mtu.