Kipimo Penye Kiu

Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo, maji hutoka ardhini yakiwa tayari ya moto. Chemchemi za magharibi mwa mlima wa volkeno wa Silali huyatoa yakiwa na joto la takriban nyuzi 50, yakakusanyika, yakaporomoka gengeni huku yakifuka mvuke, kisha yakashika njia ya bonde la Suguta. Mpenda kahawa angeweza kudhani kwamba hapo Mungu amekwisha kumfanyia nusu ya kazi: maji yapo, moto upo, na kuni hazikukatwa. Lakini kahawa haitengenezeki kwa maji hayo. Joto lake halitoshi, maana kahawa iliyosagwa huachilia ladha yake vizuri kati ya nyuzi 90 na 96. Tena yana magadi, na magadi huua ule uchachu mwepesi unaoipa kahawa ya Nyeri au Kirinyaga sifa yake, likabaki jimaji butu lenye rangi tu. Neema ipo, kikombe hakipo. Kati ya neema na kikombe pana kazi ya mtu. Swali ni hili: katika nchi ambako maji hutafutwa kwa jasho, kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu wote, kwa mizani na karatasi ya kuchujia na mashine ya kutonesha, je, ni shukrani au ni anasa?

Swali hili lina uzito zaidi Turkana kuliko mahali pengi. Mto Tarach unaopita Kakuma na Kawalase wa Lodwar hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na akina mama hufukua mchanga wa mkondo mpaka maji yachungulie, wakayateka kwa kata. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo mitungi imepangwa foleni bombani alfajiri baada ya alfajiri. Kipimo cha chini ambacho mashirika ya misaada duniani yamejiwekea ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba kuna hazina kubwa ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa yana chumvi isiyonyweka. Waislamu wa eneo hili wanafundishwa kwamba israfu ya maji ni mbaya hata kwa anayetawadha kando ya mto unaotiririka. Wakristo husimulia habari za kisimani Samaria. Mturkana aombapo mvua humwomba Akuj, mwenye mbingu. Mafundisho haya yanatofautiana kwa mengi, ila yote yanakubaliana kwamba maji ni amana. Mbele ya amana hiyo, mtu anayepima gramu za kahawa ili kinywaji kiwe kitamu zaidi anaonekana kama anayecheza.

Nashikilia kinyume chake: anayecheza ni yule asiyepima. Kikombe kizuri cha kahawa ya mashine ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, kwa hiyo anayeiharibu kahawa anaharibu kwanza maji. Kipimo kinachokubalika na wengi ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja. Katikati ya karne iliyopita, Ernest Lockhart, mwanakemia wa Marekani, alionyesha kwamba kahawa hupendeza pale ambapo maji yameyeyusha kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wa ile kahawa kavu. Yakiyeyusha pungufu, kinywaji ni kikali kwa uchachu na hakina mwili. Yakizidisha, unakuja uchungu mkavu unaoshika ulimi. Sasa tazama kinachotokea jikoni kwa asiyepima. Anatia vijiko kwa kukisia, kahawa imesagwa laini mno kama unga wa sembe, maji yanakwama kwenye karatasi, yanakaa na kahawa kupita kiasi, na birika zima linatoka chungu. Kesho anapunguza kahawa badala ya kurekebisha usagaji, akapata maji ya kahawia. Mara zote mbili, nusu ya birika inamwagwa nje ya mlango. Angesaga kwa ukubwa wa chembe za mchanga, akalowesha karatasi kwanza ili isitie ladha yake, akaloanisha kahawa na kuiacha sekunde 30 itoe hewa kabla ya kumimina maji mengine, birika lote lingenyweka.

Na lililomwagwa ni zaidi ya lita moja. Watafiti wa Uholanzi, Chapagain na Hoekstra, walikokotoa kwamba kikombe kimoja chenye gramu 7 za kahawa kimetumia kiasi cha lita 140 za maji tangu mkahawa shambani mpaka mezani. Kwa hesabu hiyo, birika la lita moja lenye gramu 60 limebeba lita 1,200, yaani maji ya siku 80 ya mtu mmoja kwa kile kipimo cha lita 15. Limebeba pia mikono. Ili kupata kilo moja ya buni huhitajika kilo sita au saba za matunda mekundu, yanayochumwa moja moja kwa vidole. Kwa hiyo birika moja ni karibu nusu kilo ya matunda ya mtu fulani aliyesimama mteremkoni. Tuongeze moto. Kuchemsha lita moja hakufikii hata sehemu ya kumi ya uniti ya umeme, lakini mashine huivuta yote kwa pupa, karibu wati 1,000 kwa wakati mmoja, na kwa nyumba ya umeme wa jua huo ni mzigo. Kisha ile sahani ya moto chini ya birika inaendelea kula umeme huku ikiipika kahawa iliyokwisha iva mpaka inanuka kuungua. Kila agizo la kahawa bora, ukilichunguza, ni katazo la ufujaji: zima sahani, mimina ndani ya chupa ya chai; saga ile ya leo tu; safisha ukoko mweupe kwa siki kabla haujaifanya mashine itumie muda na umeme zaidi. Sijui sababu ya kuyaita haya anasa.

Mtu makini atanijibu kwamba hesabu ya lita 1,200 ni ya kutisha watu bure. Sehemu kubwa ya maji hayo ni mvua iliyonyesha Kirinyaga au Bungoma. Isingenywesha mkahawa, isingehamia Kakuma kunywesha mtoto. Ni kweli, na ninaikubali hoja hiyo yote. Kuokoa kahawa Lodwar hakujazi mtungi wa jirani hata kwa tone. Lakini sikuileta hesabu hiyo kudai kwamba maji yanahamishika. Niliileta kwa sababu shukrani hutaka kujua kilichopokelewa. Anayeamini kwamba amepokea kijiko cha unga wa pakiti na maji ya bomba atakitendea kama kijiko cha unga na maji ya bomba. Anayejua kwamba amepokea mvua ya msimu, miguu ya wachumaji, na miaka ambayo Waafrika wengi wa Kenya walizuiwa kuupanda mmea huu hadi miaka ya 1950, huyo mkono wake hautetemi kwa uzembe juu ya chujio. Kipimo ni adabu ya anayejua.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na lina mzizi ndani ya Injili yenyewe. Mwanamke mmoja wa Bethania alimiminia Yesu marhamu ya nardo ya thamani ya dinari 300, na waliokuwapo wakalalamika kwamba ingeuzwa wapewe maskini. Yesu alimtetea mwanamke. Wapenda vitu vizuri wamejificha nyuma ya kisa hiki kwa karne nyingi: kumbe uzuri una haki yake hata penye njaa! Nadhani wanakisoma nusu. Yule mwanamke hakujimiminia mwenyewe. Gharama ile ilitetewa kwa kuwa ilimwagwa juu ya mwingine, na ingekuwa juu ya nywele zake mwenyewe walalamikaji wangekuwa na haki. Kwa hiyo mpimaji wa kahawa wa Lodwar hawezi kukikimbilia kisa hicho ikiwa birika lake ni la mtu mmoja, mlango umefungwa. Ameepuka ufujaji, sawa. Bado hajajibu kwa nini aliepuka, na kwa faida ya nani.

Hapa ndipo Kakuma ina la kutufundisha, na ndipo pia pingamizi gumu kuliko yote linapotoka. Kwa Wahabeshi wa kambini, kama kwao Ethiopia, buni hukaangwa mbele ya wageni, moshi wake ukapitishwa wanuse, ikatwangwa, ikapikwa ndani ya jebena ya udongo. Kisha hunywewa mara tatu: abol, tona, na ya tatu inaitwa baraka, neno lile lile tunalolitumia sisi. Mara zote tatu kahawa ni ile ile. Huongezwa maji tu. Kwa kipimo cha Lockhart kikombe cha tatu ni cha hovyo: kilichokuwa kitamu kimekwisha toka, kimebaki chepesi na uchungu. Na hicho ndicho kilichopewa jina la baraka! Je, si ushahidi kwamba mizani na nyuzi joto havina maana, kwamba wema wa kahawa uko kwa watu na si kwenye kikombe?

Nusu ya ushahidi huo naupokea. Historia nayo inauunga mkono: Masufi wa Yemen waliinywa kahawa ili wakeshe pamoja katika dhikri, na mwaka 1511, gavana Khair Beg alipowakusanya wanazuoni Makka waiharamishe, kilichomkera hasa kilikuwa mikusanyiko ya wanywaji. Cairo haikuikubali marufuku hiyo. Lakini anayedhani kwamba sherehe ya jebena haina kipimo hajaitazama vizuri. Konzi moja ya buni kuwanywesha watu wengi mara tatu ni kipimo cha hali ya juu. Hakuna chembe iliyotupwa kabla ya kutoa yote iliyo nayo. Uchungu wa kikombe cha tatu ni bei inayolipwa kwa hiari ili kikao kisivunjike mapema. Mashine ya kutonesha haiwezi hilo. Maji yake hupita mara moja. Ukiyapitisha tena kwenye machicha yale yale utapata ubaya bila baraka. Kwa hiyo mwenye mashine anadaiwa jambo ambalo mwenye jebena hadaiwi: ajue kabla ya kuwasha ni wangapi watakunywa. Hawezi kuongeza maji mgeni akiingia. Ile alama ya vikombe ubavuni mwa mashine, ambayo wengi huiona ya kiufundi tu, inamwuliza kila asubuhi anamtengenezea nani.

Basi wewe uliye na mashine hiyo, Lodwar, Kakuma au Kapedo, usiyatie maji ya kisima chenye chumvi ukitumaini kwamba moto utayasafisha. Kuchemsha huzidisha chumvi, hakuipunguzi. Tafuta ya mvua au yaliyochujwa, hata ikiwa ni lita moja tu. Pima gramu 60 za birika zima badala ya 15 za kikombe chako peke yako. Ikishamaliza kutona, mimina yote kwenye chupa ya chai, zima umeme, na ubishe hodi kwa jirani ingali moto.