Lazima Ina Mdaiwa

Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20 hivi. Kwa anayelibeba kichwani Kifaru, kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Same, ulazima wa maji hauna ubishi. Ubishi unaanza tunapouliza: mwanadamu anadai nini hasa akisema kitu fulani ni cha lazima?

Miongoni mwa maana za lazima, Aristotle alitaja mbili zinazotuhusu hapa. Ya kwanza ni ile ambayo bila hiyo mtu hawezi kuishi, kama chakula na pumzi. Ya pili ni ile ambayo bila hiyo jema fulani haliwezi kupatikana. Kwa lazima ya kwanza, binti mwenye dumu akishapata maji ya kunywa hana la kudai. Kwa ya pili anadai pia saa zinazopotea kwenye foleni ya bomba, kwa sababu bila hizo hasomi.

Mwaka 1976, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva ulitaja mahitaji ya msingi: chakula, makazi, mavazi, maji safi, usafiri, afya, elimu. Ukaongeza ushiriki wa watu katika maamuzi yanayowahusu. Hilo ndilo husahaulika kwanza, na Wapare, wenyeji wa milima ya Same na Mwanga, walikwisha kulipigania. Mwaka 1945 maelfu yao walikusanyika Same kuipinga mbiru, kodi ya kikoloni iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Kodi ya kiwango kimoja kwa wote walikuwa radhi kuilipa. Walichokataa ni mtu mwingine kuwapimia kinachowatosha na kinachowazidi.

Milimani kwao kuna mfano wa lazima yenye mdaiwa: ndiva, mabwawa madogo ya kienyeji. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, asubuhi tundu likazibuliwa, yakashuka kwa mfereji hadi kwenye mashamba kwa zamu. Mwenye zamu naye hutoka na jembe siku ya kuzibua mfereji. Shida ya kila mmoja inajulikana, na wa kuulizwa anajulikana.

Patasemwa kwamba serikali maskini haiwezi kudaiwa isichokuwa nacho. Ni kweli. Lakini inaweza kudaiwa foleni ya haki: nani aanze, kwa nini, na lini zamu ya wengine itafika. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kusubiri. Miaka yote hiyo hakuna aliyekana kwamba maji ni lazima. Kukubali ni rahisi, kwa kuwa hakumgharimu mtu kitu.

Hitaji lisilo na mdaiwa ni matamanio tu. Basi kiongozi akisimama jukwaani akatangaza kwamba jambo fulani ni la lazima, usimpigie makofi kabla hajataja nani atalitimiza, na tukamuulize nani lisipotimia.