Breki za Motokaa na Amri ya Tano



Kila mwaka Noeli inapokaribia, barabara zetu hujaa watu wanaorudi kwao. Baba, mama na watoto hujipanga katika motokaa, mizigo hufungwa juu, na safari ya kwenda kuwaona wazee huanza. Ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini katika majuma hayo hayo baba wengi wa nyumba hulikumbuka jambo waliloliahirisha tangu Pasaka: breki zinalia. Fedha ni haba, mahitaji ya shule ya Januari yanangoja, na motokaa yenyewe ni kuukuu. Hapo ndipo linapozuka swali tunalotaka kulitafakari leo. Je, yafaa mtu abadili pedi na diski za breki mwenyewe, uani kwake, ili apunguze gharama? Anayo haki hiyo mbele ya Mungu na mbele ya jirani?

Pengine wako watakaoshangaa kuona ukurasa huu ukizungumza habari za spana na grisi. Watasema kwamba hayo ni mambo ya gereji, si mambo ya dini. Sisi hatuoni hivyo. Dhamiri ya Mkristu haibaki kanisani Jumapili baada ya Misa. Humfuata nyumbani, humfuata kazini, na humfuata hata chini ya gari.

Kwanza tuseme waziwazi kwamba kazi ya mikono ni jambo la heshima. Bwana wetu mwenyewe alijulikana kuwa mwana wa seremala, na mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka siku ya kwanza ya Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Baba wa nyumba anayejifunza kuitengeneza motokaa yake, akaokoa fedha kwa ajili ya watoto, hafanyi ubahili. Anatimiza wajibu wake. Na kijana anayempa baba yake spana na kushika taa hujifunza mengi yasiyoandikwa vitabuni: subira, usafi wa kazi, na kuheshimu chombo. Basi hatusemi kwamba kazi hii ni haramu kwa asiye fundi wa kulipwa. La hasha.

Lakini kazi zote si sawa. Mtu akitengeneza kabati nyumbani na mlango ukakaa upande, hasara ni yake na udhia ni wake. Breki ni jambo jingine. Dereva akanyagapo pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni hubana pedi, na pedi huikamata diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Mwendo wote wa gari hugeuka kuwa joto. Na tukumbuke kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, joto la kusimama huongezeka mara nne: gari linalosimama kutoka kilomita 80 kwa saa hutaka breki zifanye kazi mara nne kuliko lile lililokuwa katika kilomita 40. Aliyepata kuteremka Kitonga, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, akiwa na abiria na mizigo, ajua vema tunalolisema. Huko ndiko kazi iliyofanywa uani hutiwa katika mtihani. Na wanaoupata uchungu wa mtihani huo si fundi peke yake. Ni mama aliyeketi nyuma na mtoto mchanga. Ni mwendesha baiskeli. Ni mwanafunzi avukaye barabara, ambaye hakuulizwa kama akubali kuyaweka maisha yake mikononi mwa mtu asiyemjua.

Wala hatari hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba vifo 92 katika kila 100 hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wengi wao waliuawa na mwendo wa kasi, ulevi na mambo mengine yasiyohusu breki. Lakini ni nani miongoni mwetu atakayekubali kuongeza hata kifo kimoja juu ya hesabu hiyo kwa sababu ya uvivu wa saa moja?

Maandiko Matakatifu hayajui motokaa, hata hivyo yanalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yule ajengaye nyumba mpya aliagizwa kuzungusha ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba hakukusudia kumwangusha mtu. Alitakiwa kumfikiria mapema. Tena katika Kutoka, sura ya 21, twasoma habari za ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu pembe. Kama mwenyewe hakujua, yeye huachiliwa. Lakini kama alikwisha kuonywa, naye asimfunge, basi damu itatakwa kwake. Tuwaze juu ya breki zinazolia. Katika pedi nyingi kimewekwa kibati kidogo cha chuma kwa makusudi, ili kigusane na diski na kupiga kelele pedi inapokwisha. Kelele hiyo ni onyo. Asikiaye kwa miezi mitatu na kuongeza sauti ya redio ni kama yule mwenye ng'ombe aliyeonywa.

Mafundisho ya Kanisa nayo ni dhahiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikieleza amri ya tano katika kifungu cha 2269, yafundisha kwamba ni marufuku kumweka mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito. Na mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani uliotolewa Vatikani mwezi Juni 2007 uliwapa madereva amri kumi. Ya kwanza ni ile ile tuijuayo sote: usiue. Twauliza basi: kuokoa bei ya diski mbili ni sababu nzito?

Hapo twafika kwenye kiini cha jambo letu. Atakaye kuifanya kazi hii mwenyewe ana haki ya kuifanya, mradi aijue, au ajifunze kwanza kwa anayeijua. Kutokujua si dhambi. Dhambi ni kujifanya unajua mahali ambapo mwingine atalipa. Tazameni jinsi kazi hii ilivyojaa nafasi za kujidanganya. Gari lataka liwekwe juu ya stendi imara za chuma, nalo hukaa juu ya jeki peke yake kwa sababu "ni dakika chache tu." Pedi zapasa kubadilishwa kulia na kushoto pamoja, ili gari lisivute upande mmoja, lakini zile za kulia zaonekana bado zafaa. Diski ina unene wa mwisho uliowekwa na watengenezaji, na mara nyingi namba yake imechongwa pale pale juu ya chuma. Lakini fedha za diski hazipo, basi pedi mpya hufungwa juu ya diski iliyokwisha na yenye mifereji. Kalipa huachwa ikining'inia kwa mpira wa mafuta, ambao waweza kuumia ndani bila kuonekana kwa nje. Mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa juu ya diski mpya hayasafishwi. Mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na hivyo kuchemka upesi, hayabadilishwi mwaka hata mwaka.

Hakuna hata moja katika hayo litakaloonekana gurudumu likisharudishwa. Jirani atapita na kusema, "Hongera, umeweza." Mke atafurahi. Ni mtu mmoja tu ajuaye kilicho ndani, naye ni yule aliyekifanya. Na juu yake yuko Mungu aonaye sirini. Kwa hiyo twasema kwamba uaminifu wa kazi iliyofichika ndio uaminifu wenyewe. Na tena kazi haijaisha gurudumu linapofungwa. Pedali yapasa kukanyagwa mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu, kwa maana pistoni zimerudishwa nyuma na mkanyago wa kwanza hauna nguvu. Wako waliosahau jambo hilo dogo, wakalikumbuka walipokuwa tayari langoni, wakielekea barabarani.

Twajua kwamba msomaji mmoja atatujibu: "Ninyi mwasema vema, lakini mimi ni maskini. Gari hili ndilo linalotulisha." Jibu hili hatulidharau. Umaskini ni mzigo wa kweli, na Mungu hamhukumu mtu kwa kitu asichokuwa nacho. Lakini maskini naye ana jirani, na mara nyingi jirani huyo ni maskini kuliko yeye, maana hutembea kwa miguu. Haki ya mtu kupata riziki haimpi ruhusa ya kuiweka rehani roho ya mwingine. Ikiwa fedha za diski hazipo, gari lingoje. Twajua kwamba kungoja huko kwauma. Ndiyo sababu twawaambia nanyi mafundi Wakatoliki, mlio wengi katika kila parokia: katika jumuiya yenu ndogo yumkini yuko ndugu anayeifanya kazi hii peke yake kwa kukosa fedha. Kumkagulia kwa nusu saa, bila malipo, kabla hajaitoa motokaa yake barabarani, ni tendo la huruma sawa na kumtazama mgonjwa. Na wewe mwenye gari usione haya kumwita. Kiburi cha kusema "nimefanya mwenyewe" kisikuzuie kusema "njoo unitazamie."

Mwingine atasema, "Basi mimi nitampelekea fundi, na dhamiri yangu itatulia." Hilo nalo si kamili. Ampelekeaye fundi gari, kisha akamshurutisha afunge pedi za bei ya kutupa ambazo wote wawili wana shaka nazo, au aache diski iliyokwisha, hajautua mzigo wake. Ameutafutia tu mwenzi wa kuubeba. Vivyo hivyo auzaye gari kuukuu akijua kwamba breki zake ni mbovu, akanyamaza kwa sababu mnunuzi hakuuliza, ameuza hatari pamoja na gari, na ukimya wake ni uongo.

Wengi wetu hutundika rozari au medali ya Mtakatifu Kristofa mbele ya dereva. Ni vema, nasi hatutaki ziondolewe. Lakini Bwana wetu alipojaribiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Aombaye ulinzi wa mbinguni huku akiiacha pedi ibaki chuma kitupu hamtumaini Mungu. Anamtwika kazi aliyopewa yeye mwenyewe.

Basi, baba wa nyumba, ukiisha kuifanya kazi yako uani, nawa mikono, kisha ujiulize swali moja kabla hujawaita watoto waingie. Kama jirani yako angekuja sasa hivi kuliazima gari hili ampeleke mama yake hospitali, ungempa ufunguo kwa moyo mweupe, ukimweleza yote uliyoyafanya na uliyoyaacha? Kama jibu ni ndiyo, safiri kwa amani, nasi twakutakia heri ya njiani. Kama moyo unasita, usiunyamazishe. Rudisha jeki, fungua tena gurudumu, au mwite ajuaye kuliko wewe. Wazee kijijini watangoja siku moja zaidi, nao watashukuru kuwaona mmefika.