Kura Hazikutosha

Uchaguzi ukishapita, ni nadra kumsikia mtu wa Sumbawanga, mkoani Rukwa, akimwambia mgombea aliyeanguka kwamba amekataliwa. Atampa pole na kumwambia kwamba kura hazikutosha. Mgombea naye hujibu hivyo hivyo akiulizwa sokoni au msibani. Kauli hiyo imeenea Tanzania nzima, lakini katika Uwanda wa Ufipa inagusa jambo ambalo watu hulipima kwa mikono yao kila mavuno. Hii ni nchi ya mahindi. Gunia lililopungukiwa debe moja halijakataliwa na yeyote. Halijajaa tu, na msimu ujao huenda likajaa.

Ndani ya kauli hiyo ya upole mna dai zito kuhusu maana ya kushindwa. Ikiwa kura hazikutosha, basi kushindwa ni upungufu, na upungufu hujazwa kwa kuongeza bidii. Lakini ikiwa wananchi waliulizwa swali wakasema hapana, basi kushindwa ni jibu, na jibu hutaka kusikilizwa. Mtu anayechukua fomu ya ubunge kwa mara ya tatu, ya nne au ya tano ameshika mojawapo ya maana hizo, hata kama hajawahi kukaa akaitafakari.

Majirani huwa wameitafakari kwa niaba yake. Anayerudia na kuanguka humwita king'ang'anizi. Anayerudia na kushinda humwita mkongwe. Chrisant Mzindakaya alirudi bungeni tena na tena, na hadi alipoliacha jimbo la Kwela mwaka 2010, Warukwa walimtaja kwa fahari. Hoja zake zilitikisa serikali, ikiwemo ile ya vibali vya sukari iliyofuatiwa na kujiuzulu kwa waziri Iddi Simba mwaka 2001. Hakuna aliyemuuliza Mzindakaya kwa nini hachoki kugombea. Tendo ni lile lile la kujaza fomu, kutafuta wadhamini, kupanda jukwaani na kuomba kura. Kinacholigeuza jina lake ni hesabu ya usiku mmoja, na hesabu hiyo haimo mikononi mwa mgombea. Kama kurudia ni kosa, ni kosa kwa wote wawili. Kama si kosa, aliyeanguka hastahili kubebeshwa aibu ambayo mwenzake hakubebeshwa.

Hata hivyo, idadi nayo husema. Augustine Mrema aligombea urais mwaka 1995 akapata karibu asilimia 28 ya kura. Mwaka 2000 akapata chini ya asilimia 8, na mwaka 2005 hakufika hata asilimia moja. Kwa anayeamini kwamba kushindwa ni jibu, hapa jibu lilitolewa mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Miaka 5 baadaye, wananchi wa jimbo la Vunjo, nyumbani kwake, wakamchagua kuwa mbunge wao. Mwaka 2015 wakamchagua James Mbatia badala yake, na mwaka 2020 Mrema akasimama tena na kuanguka. Taifa lilikuwa limemwambia hapana, kisha jimbo la nyumbani likamwambia ndiyo, kisha hapana. Jibu la wapiga kura lina tarehe yake na mahali pake. Haliwezi kuchukuliwa kama hukumu ya maisha.

Sumbawanga Mjini imeona pia jibu likibadilishwa baada ya kutolewa. Katika uchaguzi wa 2010, Aeshi Hilaly wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Norbert Yamsebo wa CHADEMA. Yamsebo akaenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikautengua ubunge huo. Baadaye Mahakama ya Rufani ikamrudishia Hilaly kiti chake. Kwa muda wa kesi hizo, Hilaly alikuwa mbunge, kisha si mbunge, kisha mbunge tena, bila mpiga kura hata mmoja kurudi kwenye kituo. Jibu la wananchi halimfikii mgombea likiwa tupu. Hupita kwa wasimamizi, kwa mawakala na kwa majaji, na kabla ya hapo hupita kwenye chama, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa takriban miaka 20, hadi mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilipoamua kwamba linakiuka haki. Sharti limebaki. Kwa hiyo anayeambiwa hapana hawezi kujua kwa hakika kama aliyekataliwa ni yeye au ni rangi ya shati alilovaa.

Basi ustahimilivu utatofautishwaje na ukaidi? Kuna kilimo cha Wafipa kinachosaidia kufikiri. Mkulima hukata nyasi, akazifukia chini ya udongo na kuziinua kuwa tuta la mviringo. Nyasi zile huoza humo na kuwa chakula cha mbegu zitakazofuata. Anayepita shambani kipindi hicho huenda asione zao lolote, aone vichuguu vya udongo tu, ilhali kazi inaendelea chini.

Maisha ya Wangari Maathai wa Kenya yanaweza kusomwa hivyo. Mwaka 1982 alijiuzulu kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge, akazuiwa kwa hoja ya usajili wa wapiga kura, na kazi hakurudishiwa. Mwaka 1997 aligombea urais pamoja na kiti cha Tetu, akaanguka kote kuwili. Mwaka 2002 Tetu ikampa takriban asilimia 98 ya kura. Katikati ya tarehe hizo alikuwa akipanda miti pamoja na kina mama wa vijijini, na tangu mwaka 1989 aliipigania bustani ya Uhuru isijengewe ghorofa. Aliyerudi kwa wapiga kura alikuwa na jambo jipya la kuwaonyesha.

Mfano wa tuta una mpaka wake. Udongo hauna nia, mpiga kura anayo. Udongo haumdai mkulima maelezo kwa nini amerudi, mpiga kura anadai. Tena si haki kuipima subira ya mtu kwa ushindi wake wa mwisho, maana mwaka 2002 muungano wa NARC ulishinda kwa kishindo nchini Kenya, na Maathai alisimama ndani ya wimbi hilo. Kama wimbi lisingekuja, miti yake ingekuwa ile ile na ujasiri wake ule ule. Thamani ya kurudi kwake isingepungua hata chembe.

Thamani hiyo inatoka wapi, ikiwa haitoki kwenye ushindi? Simulizi ya kale ya Ufipa inagusa swali hilo. Inasimuliwa kwamba mkuu wa Milansi alikwenda kuwinda, na wanawake wageni wakafika wakakikalia kiti chake. Aliporudi alikuta utawala umehama, na ukoo wa Twa ukaitawala nchi. Lakini Milansi haikufutwa. Ilibaki na kijiji chake, na heshima ya tambiko ikabaki pale. Nchi iliendelea kumhitaji aliyeshindwa ili aliyeshinda awe mtawala kamili.

Lakini zimekuwepo chaguzi zisizo na wa kushindwa. Mwaka 2010 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipita bila kupingwa katika jimbo la Katavi, lililokuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2020 zaidi ya majimbo 20 yalipata wabunge kwa njia hiyo. Lakini katika uchaguzi huo huo wa 2020, jimbo la Nkasi Kaskazini, ambalo Ally Keissy wa CCM alilishinda mara mbili mfululizo, lilimchagua Aida Khenani, na hicho ndicho kiti pekee cha jimbo ambacho CHADEMA ilikipata nchi nzima. Vipigo viwili vya nyuma vya wapinzani vingetosha kumwambia mtu kwamba Nkasi ilikwisha kusema. Ilikuwa haijamaliza kusema. Kisha sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 ikakataza mgombea pekee kutangazwa bila kura: jina lake lazima lipelekwe kwa wananchi, waseme ndiyo au hapana.

Hiyo ni hatua ya heri, ingawa neno hapana halina wakala. Usiku wa kuhesabu kura, katika darasa la shule ya msingi lenye taa hafifu na upepo wa Ufipa dirishani, wakala wa yule anayegombea kwa mara ya nne huketi mbele ya masanduku tangu mwanzo. Huangalia kila karatasi ikifunuliwa, husikia jina la mwenzake likisomwa mara nyingi kuliko la bosi wake, kisha huvuta fomu ya matokeo, huisoma namba kwa namba, na kutia saini.