Reli Juu ya Meza

Kijana atakaye kujenga reli ya mfano nyumbani kwake, ya mbao, ya waya au ya kununuliwa, aghalabu huanza kwa kutaka yote. Ataka bandari ya Mombasa, Nairobi, mteremko wa Bonde la Ufa, na Kisumu kando ya ziwa. Njia hiyo ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901, na urefu wake wapita kilomita 900. Kwa kipimo kipendwacho na wajenzi wengi wa reli za mfano, ambacho sentimita moja huwakilisha sentimita 87, meza yake ingekuwa ndefu kuliko kilomita 10. Hapana nyumba yenye meza hiyo, hapa Kakamega wala kwingineko. Basi kila mjenzi hana budi kuacha kitu. Lililobaki ni kuamua aache nini, na uamuzi huo, msomaji, ni wa maadili kabla ya kuwa wa useremala.

Yupo asiyekubali kuacha. Hubana stesheni sita mahali pa moja. Kabla behewa la mwisho halijatoka stesheni ya kwanza, kichwa cha garimoshi kimekwisha kuingia ya pili. Macho huona mengi, lakini safari haipo.

Mwingine huchagua mahali pamoja. Chukua Butere, katika kaunti yetu, mwisho wa tawi la reli litokalo Kisumu kupitia Luanda na Yala. Mwisho wa njia una kazi yake. Kichwa kilichofika kikivuta mabehewa hakiwezi kuyavuta kurudi mpaka kikatwe, kipite njia ya kando, kiyazunguke, na kufungwa upande wa pili. Kwa mchezo huo zatosha njia mbili zinazoachana na kukutana tena, na kipande kifupi mbele cha kichwa kusimama. Njia ya kando ikitosha mabehewa matatu, usifunge manne. Ongeza njia moja fupi ya mizigo, nawe utakuwa na la kufikiri kila jioni: behewa lipi litangulie, lipi lingoje?

Namsikia mwanafunzi akiuliza, tena kwa haki: Mwalimu, je, huku si kumbembeleza maskini? Mwenye fedha hununua, na asiye nazo huambiwa kwamba kidogo ni kitamu. Ni kweli kwamba wahubiri wengi wa kuridhika ni watu walioshiba. Kukosa si kuchagua. Mtoto aliyekosa vitabu hakuchagua maisha mepesi, wala haifai kumwambia ashukuru. Lakini shauri langu lamhusu zaidi mwenye meza kubwa na fedha za kuagiza mabehewa Uingereza, maana yeye hana kimlazimishacho kuchagua. Masanduku hujaa, na reli haiishi. Hata hivyo, mwenye mabehewa ya makopo naye huenda akaanza stesheni ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Basi chora kwanza juu ya karatasi, kwa penseli. Kisha futa kitu kimoja, uiache karatasi mpaka kesho. Ukiitazama usikumbuke ulichofuta, anza kupigilia misumari. Ukikihuzunikia, kirudishe, ufute kingine.