Macho ya Bibi

Tanzia zetu hufanana. Awe amezikwa Makunduchi au Wete, Maswa au Bariadi, mama aliyekufa huwa mpole, mkarimu, mwenye subira, wala hakupata kugombana na jirani. Si kwamba twasema uongo; twachagua tu la kusema. Lakini lipo swali linalonisumbua: sifa tunazommiminia mama akishafumba macho zina thamani gani, ikiwa tulimwogopa alipokuwa akitutazama?

Ninayo sababu ya kuuliza. Mama yangu alitoka Bariadi akaolewa pwani, na bibi aliyemzaa alibaki huko hadi alipofariki mwaka 1998. Tulimzika katika Mkoa wa Shinyanga; tangu 2012 amelala katika Mkoa wa Simiyu, pasipo mtu kumsogeza hata shubiri moja. Alilima pamba na mtama. Viazi vitamu alivikausha kwa njia zote mbili: michembe, iliyokatwa mibichi, na matobolwa, yaliyochemshwa kwanza, akatufungia vifurushi tukasafiri navyo mpaka baharini. Wenzangu wa pwani walivicheka vile vipande vigumu, kisha wakavimaliza.

Makaburini alisifiwa sana. Baadhi ya waliomsifu hawakuwaruhusu watoto wao kunywa maji kwa kata yake, maana macho yake yalikuwa mekundu.

Msomaji wa visiwani huenda asiujue uzito wa neno hilo. Usukumani, macho mekundu ya ajuza yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Mtoto akiugua, ng'ombe akifa, mpiga ramli akishaonyesha mlango, mapanga yaliweza kufika usiku. Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Sehemu kubwa waliuawa Usukumani, na wengi wao walikuwa wanawake. Hata mwaka 2015 serikali ilikuwa bado ikipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi.

Na wekundu wenyewe ulitoka wapi? Nchi ile ilifyekwa miti, kwanza enzi za Waingereza ili kumfukuza mbung'o, kisha ili kupanua mashamba ya pamba na malisho. Kuni zikawa mbali. Wanawake wakapikia mabua ya mtama, miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, na kinyesi kikavu cha ng'ombe, ndani ya vibanda ambavyo moshi haukuwa na pa kutokea ila mlango uleule alioingilia mpishi. Aliyeinamia mafiga miaka hamsini atakosaje macho mekundu? Kila aliyekula ugali wa chungu kile alichangia. Bibi alishtakiwa, nasema, kwa ushahidi wa karamu yetu wenyewe.

Jambo linalonishinda kulielewa si chuki. Chuki yaeleweka. Linalonishinda ni kwamba wale majirani nao walikuwa na bibi zao, wenye macho yaleyale, nao waliwapenda kwa dhati. Kila nyumba ilimpenda wake ikamshuku wa nyumba ya pili. Tumezoea kuamini kwamba mtu aliyempenda mama yake amekwisha kufunzwa utu. Kumbe mapenzi hayo yaweza kuishia uani, yasivuke ua. Wala tusijitenge kwa kuwa huku kwetu hakuna mapanga. Tunalo neno letu, mwanga, na twajua ni vikongwe gani wanaokaa peke yao tuliowaambia watoto wasipite mlangoni pao baada ya magharibi.

Nami sina usafi wa kuwahukumu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilipelekwa Bariadi wakati wa likizo, nikasikia maneno ya watoto kisimani. Jioni bibi akaniita niketi naye karibu na moto. Nikajifanya natafuta kiatu. Nilikitafuta mpaka giza likaingia, nacho kilikuwa mguuni. Hakuniita tena, wala hakumwambia mama. Miaka ilipopita, akafa, nikaombwa mimi niandike taazia kwa kuwa nilijulikana kupenda maneno, nami nikaandika kwamba macho yake yalijaa huruma. Watu walilia. Macho ambayo sikuthubutu kuyatazama!

Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, naye hata leo hatusubiri mtu atueleze alikuwa mama wa namna gani, twamsikia mwenyewe. Bibi yangu hakujua kalamu. Yote yatakayosalia ya kwake ni yale tutakayoyasema sisi, na hapo ndipo tanzia inapogeuka kuwa ushahidi, na shahidi haruhusiwi kuchagua lililo tamu peke yake.

Mwaka huu mama ameniomba niyanakili upya maneno yale, wajukuu wadogo wasomewe. Sentensi ya macho nimeifuta. Nimeandika kwamba yalikuwa mekundu, nikautaja moshi na kilichokuwa kikiungua, nikakitaja na kiatu. Mama ameisoma karatasi mara mbili. Hajaniambia neno bado.