Tukibomoa Intaneti, Nani Atashika Ufunguo?

Kila kashfa mpya ikilipuka mtandaoni, lazima kuwe na msee atakayesema: tubomoe hii kitu yote tuanze upya. Namwelewa. Ujumbe wa kwanza wa mtandao uliozaa intaneti ulitumwa Oktoba 1969, huko California, kati ya watafiti wachache walioaminiana. Barua pepe nayo ilipokuja, haikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba aliyeandika ni yule anayejiita. Leo kijana anayesaka kazi anatumiwa ofa feki yenye jina la kampuni halisi. Dada akitoa maoni, anavamiwa na akaunti zisizo na sura.

Lakini sisi wa Nairobi tunajua "kujenga upya" huwa ni nini. Nyumba kuukuu zinaangushwa, magorofa yanasimama, na wapangaji wa zamani wanahamia mbali kwa sababu kodi imewashinda. Kuta mpya ni safi kweli. Swali ni nani aliitwa ramani ikichorwa.

Chukua KIXP. Kabla yake, barua pepe ya kutoka Westlands hadi Buruburu ingeweza kupanda setilaiti, izunguke ng'ambo, ndio irudi Nairobi. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti za Kenya ziliungana zikafungua kituo cha kubadilishana data hapa hapa. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa laini za kimataifa, ikalalamika. Baada ya kama wiki mbili, tume ya mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kilirudi 2002. Mitambo ilikuwa sawa muda huo wote. Shida ilikuwa mwenye lango. Na dawa haikuhitaji kubomoa chochote: watu walibishana na wenye mamlaka hadi wakapewa leseni.

Sasa hebu fikiria tunaanza upya leo. Watakaokaa kwa meza ni serikali zinazotaka swichi ya kuzimia na kampuni zinazotaka kukupima kila ukibonyeza. Mimi na wewe tutatumiwa "masharti na kanuni" tubofye nakubali. Ramani ya zamani ina kasoro, lakini iliacha uwazi. Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti mwaka 1989, hakuhitaji kibali cha mwenye intaneti, maana hakuwepo. Uwazi huohuo ndio tapeli anapitia.

Kwa hivyo kuutetea kuna bei, na haki inadai tuseme anayeilipa ni nani. Ni yule dada. Mimi nafurahia uhuru, yeye analala na hofu. Siwezi kumwambia avumilie kwa ajili yangu. Ninachoweza kudai ni kwamba kampuni zinazotengeneza pesa kwa kelele hizo zilazimishwe kuajiri watu wanaoelewa Kiswahili na Sheng, wasome malalamiko yake na wajibu haraka. Hiyo ni kazi ya kuziba ufa, na bado hatujaifanya. Anayetaka kuruka moja kwa moja hadi kwa ukuta mpya atuonyeshe kwanza majina ya mafundi.